Mwendo wa duara: jinsi ya kujifunza fizikia kwa video za simu

Ukizungusha jiwe kwa kombeo juu ya kichwa kisha ukaachia kamba, jiwe linakwenda upande gani? Wengi hujibu kwamba linarushwa kwenda nje, moja kwa moja kutoka kwa aliyelizungusha. Jibu hilo si sahihi. Jiwe hushika mstari ulionyooka, kuelekea upande lilikokuwa likielekea wakati ule ule kamba ilipoachiwa. Anayelinda shamba la mtama dhidi ya ndege analijua hilo kwa mkono wake: huachia kamba jiwe likiwa bado ubavuni mwake, si likiwa limeshaelekea kwa ndege.

Mada hii inaitwa mwendo wa duara. Tanzania husomwa kidato cha tano, na katika mtaala wa Kenya wa 8-4-4 imo kidato cha nne. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia wa kutosha, mwanafunzi hubaki na daftari la kunakili na simu ya mzazi. Katika makala haya tunaeleza mada yenyewe kwa kifupi, kisha namna ya kuisoma kwa video bila kumaliza bando na bila kujidanganya kuwa umeelewa.

Mada yenyewe

Kitu kikiachwa bila kusukumwa wala kuvutwa, huendelea kwa kasi ile ile katika mstari ulionyooka. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya Isaac Newton, iliyomo katika kitabu chake cha mwaka 1687. Kwa hiyo, ili kitu kizunguke, lazima kitu kingine kikivute muda wote kuelekea katikati ya duara. Mvuto huo huitwa kani ya kuelekea kitovu.

Kani hii si kani mpya. Ni jina la kazi inayofanywa na kani tunazozijua tayari. Kwenye kombeo, kazi hiyo hufanywa na kamba. Kwa mwezi unaoizunguka dunia, hufanywa na mvutano wa dunia. Kwa pikipiki inayokata kona, hufanywa na msuguano kati ya tairi na barabara.

Basi kwa nini abiria huona anatupwa nje gari linapokata kona? Hakuna kinachomtupa. Mwili wake unataka kuendelea mbele, lakini gari linageuka, na ubavu wa gari unamfuata mpaka wanagusana.

Ukubwa wa kani hupatikana kwa kuzidisha tungamo kwa kasi, kuzidisha tena kwa kasi, kisha kugawa kwa nusu kipenyo cha duara:

F = m × v × v ÷ r

Angalia kwamba kasi imeingia mara mbili. Hapo ndipo penye uzito wa mada yote.

Hesabu ya bodaboda kwenye kona

Chukua bodaboda yenye dereva na abiria, jumla kilo 250. Inakata kona isiyo na mwinamo, yenye nusu kipenyo cha mita 20, kwa kilomita 36 kwa saa. Kwanza badili kasi: gawa 36 kwa 3.6, upate mita 10 kwa sekunde. Wanaosahau hatua hii hupoteza swali zima.

Kani inayohitajika ni 250 × 10 × 10 ÷ 20, sawa na niutoni 1250. Uzito wa bodaboda na watu wake ni kama niutoni 2500, kwa hiyo tairi zinatakiwa kushika barabara kwa nusu ya uzito huo.

Sasa dereva aingie kona ile ile kwa kilomita 72 kwa saa. Kasi imeongezeka mara 2, lakini kani imeongezeka mara 4: niutoni 5000, mara mbili ya uzito wote. Tairi la kawaida halipati mshiko huo hata kwenye lami kavu. Kwenye changarawe au tope, hata ule wa niutoni 1250 unaweza kukosekana. Mshiko ukiisha, pikipiki hufanya kama jiwe la kombeo: huacha kona na kwenda ilikokuwa ikielekea. Kwa hiyo kasi hupunguzwa kabla ya kona, si katikati yake.

Video inasaidia wapi, inadanganya wapi

Mwaka 2004 Salman Khan, akiwa Marekani, alianza kumfundisha hesabu binamu yake aliyekuwa mbali. Mwaka 2006 akaanza kuweka masomo yake YouTube, na hapo ikakua Khan Academy, inayofundisha bure hadi leo, fizikia ikiwemo. Faida ya somo la namna hii ni kwamba mwalimu hachoki. Unaweza kumsimamisha, kumrudisha nyuma na kumsikiliza mara kumi.

Lakini anayekokotoa kwenye video ni mwalimu, si wewe. Ukimtazama, kila hatua inaonekana rahisi, na unafunga simu ukiamini umeelewa. Siku ya mtihani karatasi ni tupu na mwalimu hayupo.

Hatua tano za kufuata

1. Usianze na mwendo wa duara. Soma kwanza kasi na velositi, halafu mchapuko, halafu kanuni tatu za Newton. Asiyezijua hizo hataona kwa nini kitu chenye kasi isiyobadilika bado kina mchapuko. Sababu ni kwamba mwelekeo wake unabadilika kila wakati.

2. Tafuta video kwa jina la mada kama lilivyoandikwa kwenye silabasi yako. Chagua fupi inayokokotoa angalau swali moja mpaka mwisho.

3. Punguza ubora wa picha hadi 144 au 240. Ukiweza kuyasoma maandishi ya ubaoni, panatosha. Ukipata mtandao wa bure au wa bei nafuu, pakua video ndani ya programu yenyewe uitazame baadaye bila bando.

4. Mwalimu akishaandika swali, simamisha video. Likokotoe kwenye daftari mpaka mwisho, ndipo umwache aendelee. Mkitofautiana, tafuta mstari ambao mmeachana.

5. Kesho yake, bila simu, mweleze mtu mwingine somo hilo kwa Kiswahili. Ukikwama mahali, hapo ndipo pa kurudia.

Ongeza jaribio moja la nyumbani. Funga gunzi la mahindi kwenye kamba, lizungushe likiburuzika juu ya vumbi laini, kisha achia. Alama kwenye vumbi itakuonyesha duara, na mstari ulionyooka unaoanzia pale ulipoachia.

Pa kupata vitabu vya kuambatana na video

Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada vya bure. Kenya, taasisi ya mitaala, KICD, nayo ina jukwaa lake la mtandaoni la masomo. Kwa anayesoma Kiingereza vizuri, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, inatoa bure kitabu cha fizikia chenye mada hii katika sura ya 6, pamoja na maswali.

Jipime

Ndoo yenye maji kidogo inazungushwa wima kwa kasi isiyobadilika, katika duara lenye nusu kipenyo cha mita 1. Mzunguko mmoja usizidi sekunde ngapi ili maji yasimwagike ndoo ikiwa juu kabisa?

Dokezo: pale juu, kwa kasi ndogo kabisa inayofaa, uzito wa maji peke yake ndio unaofanya kazi ya kani ya kuelekea kitovu. Jibu linakaribia sekunde 2. Ukilipata bila kutazama video yoyote, nenda mada inayofuata. Ukilikosa, rudi hatua ya 4, na safari hii kalamu iwe mkononi kabla hujabonyeza kucheza.