Mavazi na mizigo ya kayaki (Ras Kisimani)

Ras Kisimani ni ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia, Mkoa wa Pwani, inayotazama Mlango wa Mafia na delta ya Rufiji. Mavazi na mizigo ya siku moja ya kayaki huko huamuliwa na jua, maji kupwa na upepo.

Mavazi

Ras iko karibu na nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari, ndani ya msimu uleule wa papa potwe unaoleta wageni Kilindoni. Shati jepesi la mikono mirefu linalokauka upesi ni bora kuliko fulana ya pamba, ambayo ikilowa huwa nzito na kuchubua makwapa. Suruali nyepesi ni ya lazima, kwani mapaja ya mpiga kafi hukaa juani kutwa nzima. Kofia ya ukili ina kivuli kizuri sana, mradi itiwe kamba ya kidevuni. Jaketi okozi huvaliwa tangu ufukweni. Lililofungwa nyuma ya kiti halimfai aliyepinduka.

Siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi meta 3, na anayechelewa kurudi huikokota kayaki juu ya mchanga na matope. Makubazi hung'oka hapo. Hufaa raba kuukuu zenye soli ngumu, kwa kuwa magamba ya chaza mikokoni hukata vibaya na taa hujifukia kwenye maji mafupi.

Kanga au kikoi kikavu hubebwa kwa ajili ya kujifunga kabla ya kuingia vijijini, kwa heshima ya wenyeji, ambao wengi wao ni Waislamu.

Mizigo

Maji ya kunywa hutangulia yote: lita 3 hadi 4 kwa mtu. Madafu ni nyongeza tu. Tende, ndizi na mihogo ya kuchemsha huvumilia joto. Simu, dawa na nguo kavu hutiwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, hata kwa wageni. Upo wa kufulia maji, filimbi, kamba na kafi ya akiba hukamilisha mzigo. Vizito hukaa katikati, chini.

Upepo

Kaskazi, Desemba hadi Machi, ndio msimu mwema. Kusi huchafua bahari.

Magofu

Mji wa kale wa Kisimani, uliochimbuliwa na Neville Chittick, umeliwa sehemu kubwa na bahari. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimeokotwa hapo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyalinda mabaki hayo, hivyo hata kigae hakitiwi mfukoni.

Matumizi ya sasa

Kayaki huonekana zaidi Ghuba ya Chole, kwenye hoteli za Utende. Ras Kisimani wageni wengi hufika kwa boti.