Herman Kahn na Vita Visivyopiganwa

Mwaka 1960 kilitoka kitabu cha kurasa zaidi ya 600, On Thermonuclear War. Ndani yake kuna jedwali dogo ambalo ukilisoma mara moja hulisahau. Upande mmoja, idadi ya Wamarekani watakaokufa vita vya nyuklia vikitokea. Upande wa pili, miaka ambayo uchumi utahitaji ili uinuke tena. Wakifa milioni 2, mwaka 1. Milioni 20, miaka 10. Milioni 160, miaka 100.

Mwandishi wake ni Herman Kahn, mwanafizikia wa Marekani aliyezaliwa 1922. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliingia RAND, taasisi ya Santa Monica, California, iliyofanya utafiti kwa ajili ya Jeshi la Anga. Huko alianza na hesabu za kompyuta kwa mbinu ya Monte Carlo: jambo lisilotabirika unalijaribu mara maelfu kwa namba za bahati nasibu, halafu unaangalia matokeo yanaelemea wapi. Mbinu hiyo ilianzia Los Alamos, kwenye kufuatilia mwendo wa nyutroni. Sasa, nyutroni unaweza kuipima maabara ukajua umekosea wapi. Vita vya nyuklia je, utavipima wapi?

Pengo hilo Kahn alilijaza kwa hadithi. Neno "senario" lilikuwa la watu wa filamu. Yeye na wenzake wakalihamishia kwenye mipango ya vita. Nani anaanza, nani anajibu, nani anarudi nyuma. Mwaka 1965, katika On Escalation, alichora ngazi nzima yenye vidato 44, kutoka mvutano wa kawaida hadi maangamizi.

Watu walimshambulia kweli kweli. James Newman, akihakiki kitabu kile cha 1960 kwenye jarida la Scientific American, alijifanya kushuku kama mtu wa namna hiyo yupo duniani. Stanley Kubrick alikisoma, akaongea na Kahn, na mwaka 1964 tukapata Dr. Strangelove.

Lakini tumtendee haki. Hoja yake ilikuwa kwamba kukataa kuyafikiria maafa hakuyazuii, na kwamba anayejiandaa, kwa mfano kwa kuchimba mahandaki ya kujikinga na mionzi, ataokoa watu wengi. Kati ya vifo milioni 2 na milioni 20 kuna tofauti ya watu milioni 18. Nani atasema hao si kitu?

Kwangu mimi, shida ya jedwali lile si ubaridi wake. Shida ni kwamba makisio yamevaa nguo za kipimo. Ingekuwa aya ya maneno, msomaji angebishana nayo. Ikiwa namba, anainakili tu, na kesho inaingia kwenye bajeti. Tena, uchumi ulipewa safu yake, ila mama aliyebaki bila watoto hana safu. Miaka 100 ikiisha, hesabu inamhesabu kuwa amepona.

Kahn alifariki 1983. Hadi leo hakuna vita vilivyolisahihisha jedwali lake, na tuombe visitokee. Kwa hiyo tulisome kama tunavyosoma riwaya: nani anasimulia, na nani kaachwa nje?