Uwatu: mbegu chungu iliyozoea samli ya Isiolo

Kwenye maduka ya viungo ya Wabera, katikati ya mji wa Isiolo, uwatu hauna makeke. Ni mbegu ndogo za manjano, ngumu kama changarawe, kila moja na mfuo unaoikata pembeni. Tafuna mbichi uone: utatema. Msomali ataulizia hulbad, Mhabeshi abish, Mhindi methi, na wote watapimiwa kitu kimoja.

Haulimwi hapa. Isiolo ni nchi ya ngamia na mbuzi, na uwatu ni mmea wa jamii ya kunde unaotaka shamba. Ni wa zamani mno: mbegu zake zilikutwa katika kaburi la Tutankhamun, Farao aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Leo India ndiyo inayoongoza kwa kuulima, na Ethiopia, jirani yetu wa kaskazini, huulima nyanda za juu.

Ulifikaje hapa, basi? Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwapa makao Isiolo askari wa Kisomali wa koo za Isaaq na Herti. Wengi asili yao ilikuwa Somalia ya Waingereza, ng'ambo ya Aden ya Yemen, na huko Yemen chungu cha mchuzi wa saltah hakijakamilika bila povu la uwatu juu yake. Siamini kwamba watu hao walikuja na bunduki wakaacha jiko nyuma.

Uwatu ulipopatia ni kwenye samli. Siagi huchemshwa taratibu, ikatiwa uwatu, iliki, manjano na kitunguu saumu. Mashapo ya maziwa hushuka chini pamoja na viungo, na ikichujwa hubaki samli safi, yenye harufu ya kuita majirani. Hukaa miezi bila friji, na kwa mfugaji anayehamahama hilo si jambo dogo. Wanaopenda kachumbari ya Kiyemeni huloweka uwatu uliosagwa usiku kucha, humwaga maji machungu, kisha huupiga kwa mkono hadi uwe mweupe na kuumuka, ndipo watie ndimu, pilipili na kotimiri.

Mama aliyejifungua hupewa uji wa uwatu ili maziwa yashuke. Bibi zetu hawana shaka. Utafiti umetoa majibu yanayopingana. Lisilopingika ni harufu: kemikali ya sotoloni iliyomo hutokea kwenye jasho, mwili ukanukia utamu. Kuhusu sukari, utelezi wa mbegu hizo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na hapo ndipo penye hatari. Ukiwa unatumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari kabla ya kuanza kuunywa kila siku. Mjamzito asiunywe kama dawa: uwatu unaweza kuamsha uchungu wa uzazi kabla ya wakati.