Injini Ndogo za Sogeza: Kutoka Vitani Hadi Leo

Garimoshi la mizigo linapoondoka stesheni, sifa zote huiendea injini kubwa iliyo mbele. Ni wachache wanaoikumbuka injini ndogo iliyokesha ikiyapanga mabehewa, ya saruji huku na ya mafuta kule, mpaka yakawa msafara mmoja. Wafanyakazi wa reli huiita injini ya sogeza. Haina safari ya mbali. Kazi yake huanza na kuishia katika uwanja wa stesheni, bandarini au kiwandani.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya injini za mvuke. Moto wake ulipaswa kuwashwa saa kadhaa kabla ya kazi, na makaa ya mawe yaliendelea kuungua hata injini iliposimama bure ikingojea behewa. Katika miaka ya 1930, kampuni ya reli ya Uingereza iliyoitwa London, Midland and Scottish ilijaribu injini ndogo za dizeli za aina mbalimbali. Iliyofanikiwa zaidi ilikuwa na mtambo wa dizeli wa nguvu za farasi 350, ambao haukuzungusha magurudumu moja kwa moja, bali ulizalisha umeme, na umeme huo ndio ulioyaendesha. Hivyo injini iliweza kuvuta kwa nguvu kubwa tangu inapoanza kujongea, na kazi ilipokwisha ikazimwa.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, majeshi yalitambua mara moja thamani yake. Kila askari aliyehudumu katika ugavi anajua kwamba risasi zilizofungiwa katika behewa la nyuma, huku mbele yake yamesimama mabehewa ya mikate na mablanketi, hazimsaidii mpiganaji. Mwaka 1940 baadhi ya injini hizo zilipelekwa Ufaransa pamoja na jeshi la Uingereza, na jeshi lilipolazimika kuondoka, zikaachwa huko. Mojawapo, yenye nambari 7069, iliyoundwa mwaka 1935, ilirudishwa Uingereza mwaka 1987. Nyingine zilitumika Misri na Italia. Majeshi ya washirika yalipoikomboa Ulaya, nyingine zaidi zilivuka bahari kuyafuata, na vita vilipokwisha 10 kati yake zilibaki Uholanzi. Waholanzi, ambao reli zao zilikuwa zimeharibiwa vibaya, walizipa nambari 501 hadi 510, wakaridhika nazo, na katika miaka ya 1950 wakaagiza nyingine za namna hiyo hiyo. Basi chombo kilicholetwa na vita kikawa mtumishi wa amani.

Uingereza kwenyewe, kati ya mwaka 1952 na 1962, ziliundwa injini 996 za aina iliyojulikana baadaye kwa nambari 08. Nyingi zimekwisha kuvunjwa, kwa sababu malori yalinyakua mizigo midogo, na magarimoshi mengi ya mizigo siku hizi hayapanguliwi njiani. Hata hivyo, baadhi zingali zikifanya kazi katika karakana na viwanda, zaidi ya miaka 60 tangu zitoke kiwandani. Siri yake si miujiza. Mwendo wake haupiti kilomita 32 kwa saa, kwa hiyo vyuma haviteseki sana. Mitambo yake ni ya kueleweka. Na kwa kuwa ziliundwa nyingi za namna moja, inayokufa huwapa wenzake vipuri.

Jambo hilo linazihusu pia nchi zetu. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931, na mwaka 1977 mali za reli ziligawanywa kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Tangu hapo kila nchi imejishughulisha kutafuta injini kubwa za safari ndefu. Lakini mabehewa yanayovushwa kwa meli katika Ziwa Viktoria hayajiingizi melini yenyewe. Lazima yasukumwe taratibu, kwa uangalifu, na injini inayojua kujongea. Injini kubwa ikifanywa kibarua wa uwanjani, safari inakosa mvutaji. Na uwanja ukikosa injini kabisa, mzigo hulala.

Askari anayelinda ghala usiku na fundi anayeitia injini ndogo mafuta wanafanana kwa jambo moja: hawaonekani mpaka siku watakapokosekana. Taifa lenye busara halingojei siku hiyo ndipo liwahesabu.