UZI: Mwenye bunduki akishika na ushuru

1/ Kila tukijadili majeshi ya kulinda amani, lazima mtu aseme, "Usalama kwanza, pesa baadaye." Mimi nimekulia Mji wa Kale, na Ngomeni pale yatukumbusha vingine.

2/ Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593. Kapteni alikuwa mlinzi na pia mfanyabiashara. Akagombana na Sultani Hasan bin Ahmad, ushuru ukiwemo. 1614 Sultani akakimbilia bara, akauawa huko kwa njama ya Wareno.

3/ Mwanawe Yusuf akalelewa Goa, akarudishwa kutawala. Agosti 1631 akaingia ngomeni, akamuua kapteni. Wareno wengi wasio na hatia wakafa pia.

4/ Sasa ruka hadi 2012. Februari, Baraza la Usalama la UN likapiga marufuku makaa ya Somalia kwa sababu yaliilisha Al-Shabaab. Mwaka huo huo jeshi la Kenya na wanamgambo wa Ras Kamboni wakaingia Kismayu. Wachunguzi wa UN wakaripoti kuwa makaa yaliendelea kusafirishwa, na Al-Shabaab bado walipata mgao. Jeshi letu lilikana kuhusika.

5/ Sisemi askari ni wezi. Nasema anayelinda bandari asiwe ndiye anayehesabu magunia. Hesabu ikaguliwe na raia asiye chini ya kamanda. Maana adui akinunua risasi kwa mgao huo, anayepigwa si mkubwa ofisini, ni kijana wa mtaani kwetu.

6/ Mjadala ujao ulizeni: nani anahesabu magunia?