Kitanzi cha Kwanza: Historia ya Kroshia na Thamani ya Kazi ya Mkono

Katika nyumba nyingi za Songea utakuta kitambaa cha kroshia kimetandikwa juu ya kochi au meza. Wengi wetu hukiona kuwa ni pambo tu. Lakini yafaa tujiulize: kazi hii imetoka wapi, na ina somo gani kwa mwenye kutaka kujifunza?

Neno kroshia asili yake ni Kifaransa, na maana yake ni kulabu ndogo. Mwaka 1823 jarida la Uholanzi liitwalo Penélopé lilichapisha maelezo ya ufumaji huu, nayo ni miongoni mwa ya kale kabisa yajulikanayo. Zamani hizo ilikuwa kazi ya mabibi wenye nafasi. Kilichoibadilisha ni njaa.

Mwaka 1845 ugonjwa uliangamiza viazi nchini Ayalandi, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa. Masista wa Cork wakawafundisha wasichana kufuma. Na mwaka 1847 Cassandra Hand, mke wa kasisi wa Clones, naye akafanya vivyo hivyo. Kwa nini kroshia? Kwa sababu haitaki kiwanda wala mtaji mkubwa: sindano moja yenye ndoano, uzi, na mkono wenye subira. Pambo la tajiri likawa mkate wa maskini.

Huku kwetu, Wabenediktini walifungua misheni ya Peramiho, jirani na Songea, mwaka 1898, na masista wao wakawafundisha wasichana kushona na kazi nyingine za mikono. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendeleza vilabu vya wanawake vilivyofundisha upishi, ushonaji na ufumaji. Ujuzi ulikuwa mwema, lakini lengo lilikuwa finyu: kumpata mama nadhifu wa nyumbani, si mama mwenye kipato chake.

Sasa tumtazame anayeanza. Hufunga kitanzi kimoja kwenye sindano, akazungusha uzi juu ya ndoano na kuuvuta ndani ya kitanzi. Akirudia hivyo hupata mnyororo, nao ndio msingi. Kisha huchoma sindano katika tundu la mnyororo na kuvuta uzi, vikawa vitanzi viwili. Huuvuta uzi tena kupitia vyote viwili. Hilo ni fundo fupi. Akizungusha uzi mara moja kabla ya kuchoma, hupata fundo refu, na kitambaa huwa chepesi chenye matundu. Maua yote unayoyastaajabia yamejengwa kwa mambo haya machache.

Zingatia hekima yake. Anayekaza mnyororo kupita kiasi hukosa pa kuchomea sindano. Anayeruka tundu moja huona kitambaa kinapungua upande, na asiposahihisha mapema upungufu huongezeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo kosa lina dawa: ni kufumua mpaka pale lilipoanzia. Uzi haupotei, kinachopotea ni kiburi.

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Zipo mashine za viwandani zitoazo kitambaa kinachofanana na kroshia, lakini kroshia yenyewe ingali kazi ya mkono. Basi ukiikuta sokoni, jua kwamba kila fundo lake limepita katika vidole vya mtu. Kabla hujaomba upunguziwe bei, fikiri: ni usiku mingapi ya mama fulani unayotaka kuipata bure? Kumpunja mfanyakazi ujira wake ni dhuluma, hata kama anatabasamu anapokukabidhi.

Nawe unayeanza, usianze na kitambaa cha kochi kwa ajili ya kujionyesha. Baridi ya Juni na Julai hapa Songea inamsubiri mtoto mchanga asiye na kofia. Anza na hiyo. Wafundishe binti zako na wanao wa kiume pia, kwani ujuzi hauzeeki, na mkono unaojua kazi hauoni haya mbele ya njaa.