Mkengeuko wa Coriolis

Mkengeuko wa Coriolis ni kupinda kwa njia ya upepo au mkondo wa bahari kwa sababu sayari inazunguka. Kaskazini mwa ikweta hupindia kulia, kusini hupindia kushoto. Jina limetokana na Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, aliyechapisha hesabu zake mwaka 1835.

Wengi huandika "kani ya Coriolis". Neno kani limeshazoeleka katika fizikia, lakini hapa humfanya mwanafunzi atafute kitu kinachousukuma upepo kando, na kitu hicho hakipo. Upepo unashika njia yake. Kinachozunguka ni dunia iliyo chini yake. "Mkengeuko" unataja kile hasa kinachoonekana.

Chukua upepo wa kusi. Ardhi ya ikweta huenda mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Kwenye latitudo ya digrii 60, nusu ya hapo. Kusi ikija kutoka kusini huikuta ardhi yenye kasi zaidi kuliko ilikotoka. Huachwa nyuma, na Mombasa huipokea ikitoka kusini-mashariki. Ikishavuka ikweta, ardhi inapunguza kasi na upepo unaitangulia: unapindia mashariki, hata kufika India ukitokea kusini-magharibi. Majahazi yaliutegemea upepo huo kwa karne nyingi.

Leparua, katika kaunti ya Isiolo, iko chini ya digrii 1 kaskazini mwa ikweta. Mkengeuko hapo haufiki asilimia 2 ya ule wa kwenye ncha za dunia. Ulaya, mtabiri akiona ramani ya kanieneo ya hewa hujua upepo utavumia wapi, kwa kuwa mkengeuko huulazimisha kuzunguka penye kanieneo ndogo. Leparua kanuni hiyo haishiki: joto la mchana, miinuko na Mlima Kenya huamua mengi zaidi. Ndiyo sababu mfugaji anayengoja mvua za Machi hadi Mei anahitaji modeli za hali ya hewa zilizopimwa kwa vituo vya huko huko. Na yale maji ya beseni wanayoonyeshwa watalii pale Nanyuki yakizunguka? Huzungushwa na mkono ulioyamimina na umbo la beseni, kwani mkengeuko katika chombo kidogo hivyo hauonekani.

Wanasayansi huchunguza athari ya mkengeuko kwa kubadilisha urefu wa siku katika modeli za kompyuta. Sayari ikizunguka polepole, hewa moto inayopanda kwenye ikweta husafiri mbali kuelekea nchani kabla ya kushuka. Ikizunguka kasi, safari hiyo hukatizwa na anga hugawanyika mikanda myembamba. Zuhura huchukua siku 243 kujizungusha mara moja. Mshtarii, mwenye mikanda inayoonekana kwa darubini, hachukui hata saa 10.

Basi vitabu vya shule viandike "mkengeuko", na mfano wa kwanza uwe kusi. Mwanafunzi wa Isiolo ataelewa kwa nini upepo hugeuka baada ya kuvuka ikweta, na kwa nini kwao haupindi sana.